Inchi 12 mbili au 10 moja? Sabufa ya taarabu na singeli ndani ya IST

Assalaam alaykum, wenyewe wa safu.

Mimi ni mkazi wa Mikanjuni, Tanga mjini. Nina Toyota IST. Siku za kazi naizungusha hapa hapa mjini, Jumamosi nafuata machungwa Muheza, na kila nikipata nafasi nampeleka mama Pangani kwa ndugu zake. Mama akiwa ndani ya gari hakuna kingine ila taarabu ya zamani na dansi la enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Nikiwa na wenzangu ni singeli, na siku hizi amapiano kidogo.

Miezi mitatu nyuma nilifungiwa sabufa ya inchi 12 ndani ya boksi la dukani lenye tundu kwa mbele, pamoja na amplifaya ya chaneli moja iliyoandikwa wati 1,200. Tangu siku hiyo sijaona raha yake. Kwenye taarabu gitaa la besi linasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa: noti moja inalipuka, inayofuata haipo. Kwenye singeli midundo yote inageuka "vuuuu" moja ndefu. Amapiano ndiyo inayokubali kidogo. Usiku taa za mbele zinafifia kila besi ikigonga, na wiki iliyopita nilisikia harufu ya kuungua kutoka nyuma, nikazima. Hapo sijasema kwamba boksi limemeza buti lote na machungwa nayapakia kiti cha nyuma.

Fundi anasema nguvu ni ndogo, niongeze 12 ya pili na kapasita. Rafiki yangu anasema 12 ni ya kelele, ya muziki ni 10. Nimsikilize nani, na nianzie wapi nisitupe pesa mara ya pili? Redio ni ya kioo, ina tundu za RCA nyuma (za kupeleka sauti kwenye amplifaya). Amplifaya ina fyuzi moja ya ampea 30 ubavuni. Sabufa ina koili mbili, kila moja omu 4.

Msikilizaji, Mikanjuni


Wa alaykum salaam, kaka wa Mikanjuni.

Ya pili usiongeze. Ila na rafiki yako naye amepatia nusu tu. Inchi 12 nzuri ndani ya boksi lililopigiwa hesabu hupiga singeli safi kuliko inchi 10 iliyotiwa kwenye boksi la kubahatisha. Tabu yako inatoka kwenye boksi kwanza, kisha mpangilio wa amplifaya, kisha waya. Inchi tutazijadili, lakini sababu yake ni machungwa.

Tuanze na hicho kibandiko cha wati 1,200, maana ndicho kinachomfanya fundi wako aone nguvu "ndogo". Ukweli umeuandika mwenyewe: fyuzi ni ampea 30. Gari likiwa linawaka, umeme wake ni kama volti 13.8. Zidisha mara 30, unapata wati 414, na hizo ni zinazoingia. Amplifaya za chaneli moja za siku hizi nyingi ni za daraja D, ambazo hugeuza kama asilimia 75 hadi 80 ya umeme kuwa sauti na kinachobaki kinaishia kwenye joto. Kwa hiyo unayo amplifaya ya wati 310 hadi 330 za kweli, zile zinazoandikwa RMS. Ihesabu kuwa ya 300. Si haba hata kidogo kwa IST. Ila ukiongeza 12 ya pili yenye koili kama hizo na fundi akaziunganisha zote nne sambamba, mzigo unashuka hadi omu 1, na omu zikipungua amplifaya inadaiwa umeme mwingi zaidi. Kama amplifaya yako imeandikwa mwisho omu 2, ama itajizima kila sauti ikipanda, ama itaungua.

Sasa hiyo harufu. Ni gundi ya koili. Watu wengi huwasha geini ya amplifaya (kirekebishi cha kuilinganisha na redio) mpaka mwisho wakidhani ni kitufe cha sauti, wanaongeza na "bass boost", halafu redio nayo inapandishwa juu. Amplifaya ikidaiwa zaidi ya ilichonacho, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa vikawa bapa. Wimbi la namna hiyo hubeba nguvu nyingi kuliko wimbi safi la kimo kile kile, na koili inazidi kupata moto. Kwa hiyo sabufa inaweza kuungua kwenye amplifaya yenye wati chache kuliko zilizoandikwa kwenye sabufa yenyewe, na ndivyo nyingi zinavyokufa. Kabla ya lolote, chomoa waya za sabufa, pima kila koili kwa multimita. Koili ya omu 4 iliyo nzima husoma kama 3.2 hadi 3.8. Ikisoma chini sana ya hapo, nyuzi zimeungana kwa joto. Isiposoma kitu, imekatika. Kisha isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ukigawa nguvu sawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili imevimba na inagusa sumaku, na hiyo hairudi kuwa nzima.

Tuje kwenye boksi. Umewahi kupuliza mdomo wa chupa tupu ya soda: inalia noti moja tu, hata upulize vipi. Boksi lenye tundu ni chupa ile ile kwa ukubwa wake. Hewa iliyo ndani ya tundu na hewa iliyo ndani ya boksi vina noti yao, na sauti ya kwenye muziki ikifika hapo boksi linaishangilia. Mengi ya yale ya dukani huwa noti yao iko juu, kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 45 mpaka 50, kwa sababu hapo ndipo mteja anaposhtuka dukani. Gitaa la besi lina nyuzi nne: ya chini kabisa ni hezi 41, inayofuata 55, kisha 73, kisha 98. Mpiga besi wa dansi hatulii kwenye uzi mmoja, anatembea. Akipita kwenye hezi 49 boksi lako linalipuka, akipanda 65 linanyamaza. Hilo ndilo pipa lako. Na taarabu ya Tanga, ile ya enzi za Black Star na Lucky Star, imeegemea gitaa la besi. Ukilivuruga hilo umeuvuruga wimbo wote. Rekodi zenyewe za miaka ya 1960 na 1970 hazina mengi chini ya hezi 50. Muziki wa mama hauhitaji sabufa inayoshuka sana. Unahitaji inayolingana kutoka 50 mpaka 100.

Singeli inaumia kwa sababu nyingine. Wimbo unaokwenda midundo 240 kwa dakika unagonga kila robo sekunde, na vijana wa singeli hujaza katikati, kwa hiyo kati ya pigo na pigo hubaki kama sekunde 0.125. Wimbi moja la hezi 40 peke yake linachukua sekunde 0.025. Maana yake kuna nafasi ya mawimbi matano tu kabla pigo jingine halijafika. Boksi la tundu, likishatikiswa kwenye noti yake, halikomi pale pigo linapokoma. Linaendelea kuyumba mawimbi kadhaa. Mkia wa pigo la kwanza unakanyagwa na la pili, la pili na la tatu, unapata "vuuuu". Amapiano inakwenda kama midundo 112 kwa dakika na besi yake imekusudiwa iwe na mkia mrefu, ndiyo maana inasamehe.

Haya yote unaweza kuyathibitisha leo bila kutoa shilingi. Tafuta mtandaoni sauti za majaribio za hezi 30, 35, 40, 45, 50, 55 na 60. Toa wavu wa sabufa, weka sauti ya chini, zipige moja moja huku ukiitazama koni. Kuna moja ambayo koni itakuwa karibu imesimama ilhali upepo kwenye tundu ni mkali kuliko kote. Hiyo ndiyo noti ya boksi lako. Halafu chukua taulo, likunje libane, lizibe tundu barabara mpaka upepo usipite, upige taarabu na singeli kwa sauti ya wastani kama dakika 10. Usipandishe, maana boksi hilo ni kubwa mno kwa koni isiyo na tundu. Kelele itapungua, hilo tunakwambia mapema. Wewe sikiliza kama noti za besi zinaanza kuhesabika. Zikihesabika, umeshajua unachokwenda kununua.

Na kwa mchanganyiko wako wa muziki, unachohitaji ni boksi lililozibwa pande zote. Kuna bei yake: kwa nguvu ile ile ya amplifaya, boksi lililozibwa hupiga chini kidogo kuliko la tundu pale kwenye noti ya tundu. Lakini hewa iliyofungwa nyuma ya koni inafanya kazi ya springi, inairudisha koni mahali pake mara tu pigo linapoisha. Na gari lenyewe linasaidia. Ndani ya gari dogo kama IST, vioo vikiwa vimefungwa, sauti za chini sana hupandishwa na udogo wa chumba, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyozidi kupandishwa. Boksi lililozibwa hupunguza polepole kuelekea chini, gari linaongeza polepole kuelekea chini, na viwili vinafidiana. Boksi la tundu hukata ghafla chini ya noti yake, na hapo koni inabaki inarukaruka bila kitu cha kuishika. Ungekuwa unasikiliza amapiano peke yake tungekwambia baki na tundu, ila liwe boksi la lita 40 hivi kwa inchi 10, bomba lenye kipenyo cha ndani sentimita 10 na urefu kama sentimita 32, ambalo litalia kwenye hezi 38 na kidogo, na amplifaya iwekewe kichujio cha kukata sauti zote chini ya 30. Boksi la namna hiyo linameza buti kama hili ulilonalo.

Inchi sasa. Koni ya 12 ina eneo kubwa kuliko ya 10 kwa karibu nusu yake, kwa hiyo ina sauti zaidi, hilo halina ubishi. Kasi ya mdundo haitokani na inchi. Inchi 12 ndani ya boksi lililozibwa inataka kama lita 28. Inchi 10 inataka lita 17 au 18. Ukipima koili za 12 yako ukakuta nzima, koni haikwaruzi, na una karatasi yake ya vipimo, njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuijengea hiyo hiyo boksi la lita 28 na kuacha kununua sabufa mpya. Sisi tungekwenda kwenye 10, kwa kuwa umesema machungwa, na kwa kuwa koili iliyokwisha kunuka haina dhamana hata ikisoma vizuri leo.

Ukienda dukani, usiulize wati kwanza. Omba karatasi ya vipimo iliyomo ndani ya katoni na utafute vitu vinne. Cha kwanza RMS: iwe kati ya 250 na 400. Cha pili Fs, noti ya koni yenyewe ikiwa nje ya boksi: kwa inchi 10 isizidi 38. Cha tatu Qts, namba inayoonyesha koni inajizuia yenyewe kiasi gani isiyumbe, na cha nne Vas, lita za hewa zenye ugumu sawa na springi ya koni. Qts ikiwa kati ya 0.45 na 0.6, sabufa hiyo inafaa kuzibwa. Ikiwa 0.3 hiyo imetengenezwa kwa ajili ya tundu, iache hata kama muuzaji anaapa. Kuna hesabu fupi ya kuhakikisha: gawa Vas kwa lita za boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa Qts. Mfano sabufa yenye Qts 0.5 na Vas lita 20, ndani ya boksi la lita 18: 20 gawa kwa 18 ni 1.11, ongeza 1 ni 2.11, kipeuo chake ni 1.45, mara 0.5 ni 0.73. Unalenga 0.7. Ikitoka 1 na zaidi boksi ni dogo, besi itakuwa na kishindo cha juu na kuchosha masikio, ikitoka 0.5 besi itakuwa safi mno hadi vijana wako watalalamika. Sabufa isiyokuwa na karatasi yoyote, ina rangi na taa tu, ipite.

Halafu itazame kwa macho. Ukingo unaoshika koni uwe wa raba, usiwe wa sponji. Unyevu na joto la pwani hulila sponji mpaka linabaki unga. Koili mbili za omu 4 ni sawa kwa amplifaya yako: chanya na chanya, hasi na hasi, unapata omu 2. Kwa multimita mzigo huo husoma 1.6 hadi 1.9. Soma kibandiko cha amplifaya kama kinaruhusu omu 2 kabla ya kuunganisha.

Boksi mpelekee seremala yeyote wa Ngamiani mwenye msumeno wa meza, usimwachie fundi redio akate kwa grinda. Ubao uwe wa milimita 18. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) inakatika vizuri na haitoi mlio wake, lakini ikilowa inavimba kama mkate, na gari linalobeba mizigo halikosi maji. Plaiwudi nzito ya milimita 18 isiyo na mapengo katikati ndiyo chaguo letu kwa Tanga. Ukiamua MDF, ipake vanishi ndani na nje, mikono miwili, hasa kwenye kingo zilizokatwa. Vipande ni sita. Mbele na nyuma, viwili, milimita 396 kwa 356. Juu na chini, viwili, 396 kwa 170. Ubavu, viwili, 320 kwa 170. Juu, chini na ubavu vinakaa katikati ya uso wa mbele na wa nyuma. Ndani utapata sentimita 36 kwa 32 kwa 17, yaani lita 19.6, sumaku na kikapu cha sabufa vitakula moja na kitu, unabaki na 18 zako. Kabla ya kukata, pima kina cha sabufa uliyonunua kuanzia chini ya ukingo wake hadi nyuma ya sumaku. Una sentimita 18.8 ukihesabu na unene wa ubao wa mbele, na nyuma ya sumaku ziache angalau 2.5 kama ina kitundu cha kupumulia. Ikizidi, ongeza kina na upunguze upana, lita zibaki zile zile.

Tundu la sabufa chora kwa kipimo cha kwenye karatasi yake, kwani inchi 10 za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Maungio yote yapate gundi nyeupe ya mbao, skrubu kila sentimita 10, kwanza toboa ili ubao usipasuke. Gundi ikikauka, pitisha silikoni kwenye kona zote kwa ndani, kisha uache boksi wazi siku nzima. Silikoni inayonuka siki hutoa mvuke unaokula shaba, usiifungie pamoja na koili ikiwa mbichi. Kati ya sabufa na ubao weka utepe wa sponji.

Kisha jaribu kama boksi linavuja, maana boksi lililozibwa likivuja ni bora lisingezibwa. Washa kijiti cha udi, piga sauti ya hezi 30 kwa kiasi, ukipitishe taratibu kwenye kila ungio, kuzunguka ukingo wa sabufa na kwenye kidubwasha cha kuchomekea waya. Kidubwasha hicho ndicho mtuhumiwa wa kwanza. Pale moshi unaporushwa pembeni badala ya kupanda wima, pana tundu. Boksi lisilovuja, ukiibonyeza koni kidogo na kuiachia, inarudi kivivu kidogo.

Waya ndizo zinazofifisha taa zako, zikisaidiana na geini. Ampea 30 zikipita kwenye mita 5 za waya wa namba 8 wa shaba safi, unapoteza kama volti 0.3 njiani. Waya huo huo ukiwa wa aluminiamu iliyopakwa shaba, unapoteza karibu 0.5. Na mwingi unaouzwa kama namba 8 ni plastiki nene yenye nyuzi chache katikati. Kwangua nyuzi kwa kisu: zikigeuka nyeupe ni aluminiamu, na kwa hewa yetu ya chumvi mwisho wake unaota unga mweupe ndani ya mwaka. Nunua waya wa namba 4 wa shaba (namba ndogo ndiyo waya mnene) kwa ajili ya chanya, na wa unene ule ule kwa ajili ya bodi, yaani hasi. Fyuzi ya ampea 40 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kuzuia waya usiwashe gari moto ukichunika, kwa hiyo ikiwa kule nyuma karibu na amplifaya haina faida. Unapovuka ukuta wa injini, pitisha waya ndani ya raba. Chanya ipite upande mmoja wa gari na waya za RCA upande wa pili, la sivyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Waya wa bodi usizidi sentimita 45. Tafuta chuma kinene cha bodi, kwangua rangi mpaka king'ae, funga kwa bolti na washa yenye meno, kisha upake grisi juu yake ili chumvi isipate njia. Skrubu ya kiti haifai, wala ya mkanda usiiguse.

Kuhusu kapasita: ya farad 1, ikishuka kutoka volti 14 hadi 12, inatoa jouli 26 tu. Amplifaya inayovuta wati 400 inazimaliza kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha. Baada ya hapo alternata inatakiwa kuijaza na kuulisha muziki kwa wakati mmoja. Pesa hiyo iwe ya waya. Ukishafunga, pima volti kwenye amplifaya yenyewe huku injini ikiwaka na muziki ukipiga kwa nguvu. Ikibaki juu ya 13 umemaliza. Ikishuka chini ya 12.5, pima na kwenye betri wakati huo huo: ikiwa betri iko sawa kosa liko kwenye waya, ikiwa nayo imeshuka peleka alternata na betri vikapimwe.

Mpangilio ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Chomoa sabufa. Kwenye redio zima "loudness", besi na trebo ziwe sifuri, sauti ipandishe mpaka robo tatu. Kwenye amplifaya "bass boost" sifuri, geini chini kabisa. Washa injini, piga sauti ya majaribio ya hezi 50 iliyorekodiwa kwa kimo cha juu, weka multimita kwenye volti za AC, igusishe kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Tunatumia 50 kwa kuwa multimita za bei nafuu zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani, nao ni wa hezi 50. Huko ndiko husoma kwa ukweli. Pandisha geini polepole mpaka isome volti 24, uache hapo. Hesabu yake ni wati 300 mara omu 2, sawa na 600, na kipeuo chake cha pili ni 24 na nukta kidogo. Ukinunua sabufa ya RMS 250, ishia kwenye 22. Zungushia alama kwa kalamu ya wino, ili siku kijana wa kuosha gari akiichezea ujue pa kurudisha.

Krosova ya amplifaya (kichujio kinachoiachia sabufa sauti za chini tu) iweke hezi 80. Ikiwa 120 au 150, sauti nzito ya mwimbaji wa kiume itatokea kwenye buti na mwili wake mbele, na mama atauliza nani kakaa nyuma. Spika za milango nazo, kama redio inaruhusu, zikatwe chini ya 80 ili zisihangaike na besi. Baadaye kaa kiti cha dereva, piga hezi 80 kwa sabufa na milango pamoja, mtu mwingine ageuze chanya na hasi za sabufa kule nyuma. Upande utakaosikika mnene zaidi ndio sahihi. Usishangae ukiwa ni ule "uliogeuzwa".

Redio nyingi za kioo zina kitufe cha kiwango cha sabufa peke yake. Kwa singeli kipandishe hatua mbili tatu, kwa taarabu kishushe mpaka ukisahau kwamba kuna sabufa. Kama haina, nunua kitufe cha mbali cha kiwango, kama amplifaya yako ina tundu lake.

Boksi liweke limeegemea mgongo wa kiti cha nyuma, sabufa ikitazama mlango wa nyuma, kisha ujaribu na kulisogeza ubavuni; wakati mwingine sentimita 20 zinabadilisha zaidi ya wati 100. Ukishapata mahali, lifunge kwa vyuma vya pembe na bolti mpaka kwenye sakafu ya buti. Ukitoboa, chungulia chini kwanza upande wa pili kuna nini, tangi la mafuta na bomba za breki haviko mbali. Boksi lenye sabufa lina kilo 12 na zaidi, na ukifunga breki za ghafla barabara ya Muheza litakuja mbele kwa kasi ya gari. Viroba vya machungwa vitaingia ubavuni mwake, ila weka ubao wa kukinga mbele ya koni, uiache nafasi ya sentimita 5, maana wavu wa dukani hauzuii chungwa.